Nani kasema Kigoma mjini hakuna cha kuona?

"Kaka, nafika na treni asubuhi, boti ya Gombe napanda kesho yake. Nimeambiwa mjini hakuna kitu, sasa hiyo siku nilale tu gesti au?"

Ujumbe huu umenifika juzi kutoka kwa mgeni wa Arusha, na nimechoka kujibu mmoja mmoja. Unakuja kila msimu kwa maneno yale yale. Kinachoniuma zaidi ni kwamba aliyemwambia hivyo mara nyingi ni mwenyeji wetu: dereva wa bajaji, dada wa mapokezi, hata binamu aliyezaliwa Mwanga, mtaa wa hapa hapa Kigoma, na kukulia Mwanga. Tunaupuuza mji wetu wenyewe halafu tunalalamika kwamba wageni hawakai.

Kazi yangu ni kutembeza watu kwa miguu ndani ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Sina ugomvi na hifadhi za sokwe za Gombe na Mahale. Jane Goodall alipokwenda kuanza utafiti wake wa sokwe Julai 1960 alipitia hapa hapa, na mpaka leo anayekwenda Gombe anapita kwetu. Nenda ukawaone sokwe, utafurahi. Lakini ukitaka kujua kwa nini kuna mji huku mwisho wa reli, kwa nini treni imekuja kuishia hapa na si kwingine, na kwa nini jumba la makumbusho la Ujiji liko mbali na maji wakati kila kitabu kinasema lilipo palikuwa karibu na Ziwa Tanganyika, sokwe hawatakusaidia. Miguu yako itakusaidia, kwa siku moja tu.

Kigoma-Ujiji ni miji miwili iliyopokezana bandari. Ujiji ndiyo kubwa kwa umri. Misafara ilikuwa inamiminika Ujiji wakati Kigoma ni ghuba yenye wavuvi. Halafu ikaja reli, bandari ikahama, na mdogo akamfunika mkubwa. Sasa watu wanasema "Ujiji, ule mtaa wa Kigoma", nami damu inachemka. Matembezi yangu nayapanga kwa kufuata kuhama huko, ila naanzia mbele na kurudi nyuma: asubuhi ziwa na samaki, kisha Kigoma ya reli, kisha kupanda Mwanga, na alasiri Ujiji. Ukigeuza mpangilio utafika Kibirizi, ufukwe wetu wa wavuvi na boti, samaki wamekwisha.

Kwanza habari ya jua, maana wageni kutoka Dar es Salaam wanaikosea kila mara. Saa zetu ni moja, lakini sisi tuko karibu nyuzi 10 magharibi yao, na kila uzi mmoja wa longitudo ni dakika 4. Kwa hiyo jua linatufikia kama dakika 40 baadaye. Saa kumi na mbili asubuhi Dar kunakucha, kwetu bado giza. Jua linakaa utosini karibu na saa saba mchana, na joto kali linaendelea mpaka saa tisa na nusu. Faida yake ni kwamba jioni ni ndefu: saa kumi na mbili na nusu bado unaona njia vizuri. Aliyezoea kupumzika saa sita anapumzika mapema mno, kisha anatoka tena kwenye saa mbaya kuliko zote. Kula saa saba, kaa kivulini mpaka saa tisa, ndipo uanze kwenda Ujiji.

Basi, Kibirizi. Kutoka stesheni ni kama kilomita 3 kuelekea kaskazini. Nenda alfajiri. Uvuvi wa dagaa ni wa usiku na unategemea giza: taa inawashwa juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unainuliwa kutoka chini. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, kwa hiyo siku hizo mitumbwi mingi inakaa ufukweni na wavuvi wanashona nyavu. Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kuja. Hilo ni jambo dogo na hakuna anayewaambia wageni. Angalia pia kalenda ya serikali: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kipindi cha namna hiyo Kibirizi inakuwa kimya, na ukija bila kujua utadhani ndiyo hali yake.

Ukifika penye dagaa usipite haraka. Simama karibu na mama anayeanika, msalimie kwanza, "shikamoo mama", omba ruhusa ya kutazama. Dagaa wabichi wanang'aa kama fedha. Anawatawanya kwa kiganja, safu nyembamba, kisha anapita anawageuza kabla jua halijawa kali, kwa sababu wakikaa upande mmoja tumbo linapasuka na rangi inageuka njano. Walioanikwa kwenye chanja wanabaki safi. Walioanikwa chini wanashika mchanga, na hata ukiwaosha mara tatu meno yatakuambia. Bei zinatofautiana kwa sababu hiyo, kwa hiyo usimlaumu mama wa chanja kwamba anauza ghali. Chukua dagaa mmoja, mvunje katikati: mkavu mzuri anakatika kwa sauti. Anayepinda bado ana maji, na ndani ya begi lako mpaka Arusha atanuka.

Ziwa lenyewe nitalitaja kwa kifupi, maana mtu yeyote anaweza kulisoma popote: kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, urefu kama kilomita 670. Samaki wake wengi hawapatikani kwingine kokote. Ninachotaka ukikumbuke kwa ajili ya mchana ni kwamba ziwa hili halitulii mahali pamoja. Linapanda na kushuka kwa mita, kwa miaka. Miaka hii ya 2020 limepanda sana na kumeza sehemu za fukwe tulizozoea kuzikanyaga. Nitarudi hapo Ujiji.

Sasa stesheni. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, na mwanzoni mwa 1914 ikagusa ziwa hapa Kigoma, kilomita zaidi ya 1,200 kutoka Bahari ya Hindi. Simama upande wa barabara uliangalie jengo: refu, jeupe, lenye matao chini na ghorofa juu. Wajerumani hawakujenga hivi kwa ajili ya kijiji cha wavuvi. Walikuwa wanatazama ng'ambo, Kongo, na walitaka mizigo ya huko ishuke kwenye meli na kupanda treni hapa.

Wageni wanauliza: kama Ujiji ndiyo ilikuwa bandari, kwa nini reli haikwenda Ujiji? Swali zuri, na jibu unaliona kwa macho ukisimama karibu na bandari. Ghuba ya Kigoma imekumbatiwa na vilima, upepo wa ziwa haupigi moja kwa moja, na maji yanazama ghafla karibu na nchi kavu. Meli kubwa inaweza kusogea ukingoni. Ujiji ni ufukwe wazi na wa kina kifupi, na kusini yake mto Luiche unamwaga tope lake ziwani. Mtumbwi na jahazi dogo vinaupenda ufukwe wa namna ile, unavuta chombo mchangani kazi imekwisha. Meli ya chuma itakwama. Mhandisi aliyekuja na reli hakuwa na haja ya historia ya Ujiji, alikuwa na haja ya kina cha maji. Kwa hilo tu bandari ilihama.

Nyumba ya Kaiser iko karibu, juu, nayo ni Ikulu ndogo. Usipige picha. Narudia: usipige picha, wala bandarini bila ruhusa. Hadithi ya mjini ni kwamba ilijengwa kumpokea Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani, naye hakufika. Hadithi nyingine inasema kuna handaki kutoka nyumba hiyo hadi stesheni. Ya handaki mimi nawaambia wageni kama hadithi, sisemi kama habari. Waongozaji wenzangu naomba tuwe hivyo hivyo. Mgeni akigundua tumempa hadithi moja kama ukweli, hataamini tena na yale ya kweli, na ya kweli ya Kigoma ni makubwa kuliko handaki.

Moja ya hayo ni meli. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari, ikapanda treni, ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Tafakari treni ile ya mvuke ikivuta vipande vya meli yenye urefu wa mita 71 kupita Dodoma na Tabora. Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji na Waingereza wakikaribia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini kwa akili: walipaka injini grisi nene, meli wakaijaza mchanga. Wabelgiji waliiinua ikazama tena. Waingereza wakaitoa 1924, wakakuta injini bado nzima, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Watu wakisikia hivyo wanaulizia filamu na riwaya zinazosemekana kutokana na kisa hicho. Mimi nawaonyesha ghuba, maana ilifanyika palepale wanapotazama.

Na Wabelgiji hawakuondoka kabisa. Waliingia Kigoma Julai 1916, na baada ya vita, kwa makubaliano ya 1921, Uingereza iliwakodisha maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa faranga 1 kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo ipite kwa reli hadi baharini. Unapoona magunia na mapipa ya kwenda Kalemie au Uvira leo, hiyo biashara ina umri mkubwa kuliko babu zetu wengi. Barabara kuu inayopanda kutoka stesheni inaitwa Lumumba, na mtu wa Kigoma haulizi kwa nini: Kongo ni jirani anayeonekana kwa macho siku isiyo na ukungu. Che Guevara naye alivuka kutoka hapa kwenda kupigana huko Aprili 1965, akarudi kupitia hapa hapa Novemba mwaka huo, ameshindwa. Sina pa kukupeleka kwa habari hiyo zaidi ya kukuonyesha maji aliyoyavuka.

Panda Lumumba polepole, ni mlima. Tembea upande wenye miembe. Ukifika Mwanga utakuta soko na chakula. Usile chipsi mayai, tafadhali. Chipsi mayai utazikuta Morogoro. Hapa uliza mgebuka, ule samaki mrefu mwembamba anayekula dagaa, aliyepikwa kwa mawese, na ugali wa muhogo. Mawese yetu ni mekundu na mazito, harufu yake inatangulia sahani. Mgeni mwingine anaona rangi anaogopa. Mwambie aonje mchuzi kwanza. Sokoni yanauzwa kwenye chupa na madumu. Yakikaa kwenye ubaridi yanaganda, na hilo si dalili ya kuchakachuliwa. Kaa, kula, pumzika mpaka saa tisa kama nilivyosema.

Kutoka Mwanga hadi Ujiji ni barabara moja ndefu. Kutoka mjini kabisa hadi Ujiji ni kilomita kati ya 7 na 10 kutegemea unapoanzia na unapoishia. Asiyeweza apande daladala, hakuna aibu. Lakini anayetembea anapata kitu: anaona nyumba zikibadilika. Mabati na kokoto vinapungua, zinakuja nyumba za baraza mbele, wazee wenye kanzu na kofia, misikiti midogo, kahawa kwenye vikombe visivyo na mkono. Unaanza kusikia lafudhi ya pwani katikati ya bara. Ujiji ilijengwa na Wajiji na Wamanyema na watu wa mwambao waliokuja na misafara, na Uswahili wao haukuazimwa kutoka kwa reli. Salimia. Mzee wa barazani ukimpita kimya umemkosea, na ukimwamkia "shikamoo mzee" utashangaa mazungumzo yatakavyokwenda. Na vaa nguo ya heshima. Kaptula fupi ni za ufukweni.

Hapa sasa ndipo ninapotaka kukaa, maana hapa ndipo wageni wananichosha na waongozaji wenzangu wananiumiza.

Unashuka Mtaa wa Livingstone mpaka kwenye uwanja wa makumbusho. Kuna jengo, kuna jiwe la kumbukumbu lenye ramani ya Afrika na msalaba, na kuna miembe miwili mikubwa. Mgeni anakimbilia mwembe, anaukumbatia, anapiga picha, anaandika mtandaoni: "Chini ya mti huu Stanley alikutana na Livingstone." Siyo. Mti ule ulikufa karne iliyopita. Inayosimama sasa inaelezwa kuwa ni uzao wa ule wa zamani. Hata jiwe lenyewe linataja mwembe uliokuwa umesimama hapo wakati ule. Limeandikwa, liko mita chache kutoka mtu anapopigia picha, na halisomwi. Soma jiwe kwanza, kisha ukumbatie mwembe kwa moyo mweupe. Mtoto wa mwembe ule ni heshima ya kutosha.

Na je, walikutana chini ya mwembe kweli? Stanley mwenyewe, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta mmisionari Livingstone, alivyoeleza, alikuja na msafara wake ukipiga bunduki na bendera mbele, watu wa Ujiji wakamiminika njiani, wa kwanza kumpokea akiwa Susi, mtu wa Livingstone, kabla ya Livingstone mwenyewe. Kisha akamkuta mzee amesimama mbele ya nyumba yake pamoja na wakubwa wa Kiarabu. Wakasogea wakaketi barazani, kwenye jukwaa la udongo lililoinuliwa chini ya paa, Livingstone akamwachia mgeni mahali pake pa kukalia: mkeka, juu yake ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine imepigiliwa ukutani isiache baridi ya udongo ipite mgongoni. Hiyo ndiyo picha ninayowapa wageni. Baraza, mkeka, ngozi mbili, na halaiki ya watu wa Ujiji imejaa uwani ikitazama. Mtu yeyote aliyekulia katika nyumba ya Kiswahili anajua mgeni anavyopokewa barazani, haihitaji mwembe.

Tarehe nayo. Jiwe linasema 10 Novemba 1871, kama alivyoandika Stanley. Kwa daftari la Livingstone ilikuwa bado Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua homa na kupoteza hesabu ya siku. Kwa hiyo tarehe tunayoiadhimisha ni ya Stanley kwa sababu Stanley ndiye aliyechapisha kitabu kwanza. Na yale maneno maarufu, "Dk. Livingstone, nadhani?", kurasa za shajara ya Stanley za kukutana kwao zilichanwa, na Livingstone katika maandishi yake hakuyataja. Kitabu cha shule hakikwambii haya. Mimi nakwambia, kisha nakuambia pia kwamba mkutano wenyewe hauna shaka: walikutana Ujiji, na Livingstone alikuwa na hali mbaya, amerudi kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, siku chache kabla na kukuta mtu aliyeaminiwa mali yake ameiuza yote.

Wageni wengi wanaondoka bila kusikia majina ya Susi na Chuma, na hilo linanikera kuliko suala la mwembe. Livingstone alipofariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, hawa wawili na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo. Ukiwa Ujiji, ukimtaja Stanley mara kumi, mtaje Susi angalau mara moja. Alikuwa mlangoni kabla yake.

Sasa ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya kushtaki, kana kwamba nimewadanganya: "Mbona ziwa liko kule chini mbali? Si mnasema Livingstone aliishi karibu na maji? Basi mahali hapa si penyewe." Nimesikia mwongozaji mmoja akijibu, "labda walikosea kuweka jiwe." Hapana, ndugu yangu! Ziwa ndilo lililoondoka.

Sikiliza vizuri, maana hili ndilo jambo zuri kuliko yote ya Ujiji. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga, upande wa Kongo, karibu na ilipo Kalemie. Katika karne ya 19 mlango ule ulikuwa umezibwa na tope na majani. Maji yakaingia kutoka Malagarasi, Rusizi na mito mingine bila njia ya kutoka, na ziwa likapanda mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana wapelelezi wa Kizungu waliokuja huku walichanganyikiwa: wanaona ziwa kubwa, maji matamu, hawaoni linakotokea. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakaanza kubishana kama lina uhusiano na Nile. Livingstone na Stanley walitoka ufukwe huu huu kwa mtumbwi baada ya kukutana, wakaenda ncha ya kaskazini, wakakuta Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Mpelelezi Mwingereza Cameron akaufikia Lukuga 1874, akaukuta umezibwa karibu kabisa. Stanley aliporudi Ujiji 1876 alikuta michikichi aliyoiacha imesimama sokoni mwaka 1871 sasa iko ndani ya maji. Miaka 5 tu, soko limemezwa.

Halafu karibu na 1878 kizibo cha Lukuga kikaachia. Maji yakatoka kwa kasi, na ndani ya miaka kama 15 ziwa likashuka karibu mita 10. Kwenye ukuta wa mawe mita 10 si kitu, unaona alama tu. Lakini Ujiji ni tambarare yenye mteremko wa taratibu, na mita 10 za wima ni ardhi kubwa ya ulalo. Ufukwe ukahama. Nyumba zikajengwa, mihogo ikapandwa mahali palipokuwa na mitumbwi. Kwa hiyo kutoka kwenye jiwe la kumbukumbu, endelea kushuka barabara ile mpaka majini, na kila hatua unayopiga kwenye sehemu ile ya chini unapiga kwenye ziwa la wakati wa Livingstone au ukingo wake. Waheshimu wanaoishi hapo. Ziwa likianza kupanda kama miaka hii, wao ndio wanaolijua kwanza.

Ndiyo maana nasema huwezi kulielewa hili kwa gari. Dereva anakushusha getini, unaona miembe, anakurudisha. Mteremko hujausikia miguuni.

Ya ndani ya jumba nitapita haraka. Kuna sanamu za Stanley na Livingstone wakisalimiana, kuna maelezo ya biashara ya pembe na watumwa. Ujiji ilikuwa kituo cha mwisho cha njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo, na tangu 2006 njia hiyo iko kwenye orodha ya awali ya UNESCO pamoja na Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara. Miaka ya 1880 mkubwa wa hapa alikuwa Rumaliza, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Haya usiyaulize kwa sauti ya utani barabarani. Katika nyumba unazopita kuna watu waliotokana na waliouza, na kuna waliotokana na waliouzwa, wameoana na kuzikana kwa vizazi. Muulize mwongozaji wako faragha. Na si kila mwembe unaouona mjini ulipandwa na msafara. Miembe mingine ni ya kivuli cha barabara, ya enzi za serikali zilizofuata. Anayekuonyesha kila mwembe na kusema "hapa alipita mtumwa" anawavunjia heshima waliopita kweli.

Malizia ufukweni, kwa mafundi wa boti. Wanafanya kazi juani na vyombo vya mkono: msumeno, shoka, keekee, nyundo. Ubao mnene unapindishwa taratibu ufuate ubavu, na penye nyufa fundi anapiga kalafati, pamba iliyolowa mafuta inasukumwa ndani kwa patasi butu mpaka haiingii tena. Weka sikio karibu anapogonga: mlio wa mwanzo ni wa upole, ukijaa unakuwa mkali, na hapo ndipo anajua pametosha. Boti hizi ndizo zinazobeba abiria na magunia kwenye vijiji vya ziwa visivyo na barabara. Kabla ya kupiga picha, omba. Akisema hapana ni hapana. Ukikaa nao nusu saa, nunua soda za wote waliopo, si ya mmoja.

Kwa anayekuja Novemba hadi Aprili: mvua inaanguka alasiri na mitaa ya chini Ujiji inakuwa tope, kwa hiyo anza na Ujiji asubuhi, Kibirizi uiache siku ya boti, maana boti za abiria za kwenda kaskazini kwa kawaida zinaondoka Kibirizi mchana na utakuwa na asubuhi nzima pale pale. Beba maji, kofia, viatu vilivyofungwa. Tochi kwa ajili ya kurudi, kwa sababu jioni yetu ni ndefu lakini ikikatika inakatika ghafla.

Na wewe mgeni wa Arusha, ukiwa na nusu siku tu, acha stesheni, utaiona unaposhuka kwenye treni. Panda daladala ya Ujiji, mwambie konda akushushe njia ya Livingstone, soma jiwe, shuka kwa miguu mpaka majini, urudi Mwanga ule mgebuka. Ukifika niandikie, kama sina wageni nitakukuta pale kwenye miembe.